Mimi si Ng'ombe wa Kunenepeshwa

Ndugu msomaji, naomba nianze na hasira zangu kabla hazijapoa. Zikipoa nitaandika kwa adabu, na hoja hii haitaki adabu.

Katika toleo lililopita mwenzetu mmoja wa hapa kijiweni (jina simtaji, ukurasa wake mliusoma) alitufundisha namna ya kupanga kikosi katika ule mchezo wa kubuni wa soka la Australia. Mchezo huo kijiweni niliuleta mimi, kwa hiyo nilisoma kwa raha zangu. Raha ikaishia aya ya nne. Hapo akatamka kwamba wachezaji chipukizi ni ng'ombe wa kunenepesha: unawanunua bei chee, unawalisha mechi nane au kumi, unawauza, na wala huna haja ya kuyajua majina yao. Msemo huo wa ng'ombe hakuutunga yeye, wanausema wenye mchezo wenyewe huko kwao. Lakini akapanda dau. Akasema hata jarida letu lifanye hivyo hivyo: waandishi wanaoanza wapewe kurasa za nyuma, wanenepe kwanza, halafu tuone kama wana bei.

Hapo, bwana, nikaiweka chai chini.

Kwa wageni wa jambo hili, niseme kwa ufupi. Soka la Australia si hili letu la akina Simba na Yanga, wala si raga. Sheria zake za mwanzo ziliandikwa Melbourne mwaka 1859. Uwanja una umbo la yai, kila timu ina watu 18 uwanjani, na mpira umechongoka pande mbili. Unapigwa teke, unapigwa ngumi, unadakwa hewani watu wakipandiana mabegani. Ligi kuu yao ina klabu 18. Sasa katika mchezo wa kubuni wewe raia wa kawaida unapewa fedha za hewani, unanunua wachezaji wa kweli, kwa miaka mingi wakiwa 30: mabeki, viungo, warukaji na washambuliaji. Ishirini na wawili wamekuwa wakiingia uwanjani, wanane wakikaa benchi. Wanachokifanya mwishoni mwa wiki kinageuzwa alama, na alama hizo ni zako. Nahodha wako alama zake zinahesabiwa mara mbili.

Nacheza na jamaa yangu aliyeko Adelaide. Tulikua pamoja Kasulu, mimi mtoto wa mjini pale, yeye Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, tukikutana sokoni na kubadilishana vitabu vilivyochanika majalada. Yeye walimhamishia Australia, mimi nikaja Dar na cheti changu cha kidato cha nne ambacho sikionyeshi mtu. Kikosi kimesajiliwa kwa jina lake, kocha msaidizi ni mimi. Usiku wao ni mchana wetu. Ninapokula mihogo ya saa saba, wao taa za uwanjani zinawaka.

Nianze kwa kumpa mwenzetu haki yake. Hesabu yake ni sahihi. Katika mchezo uitwao SuperCoach kikomo cha fedha kimekuwa dola milioni 10 kwa miaka mingi. Nyota mmoja anaweza kukugharimu laki sita, saba. Nyota 30 wa laki sita ni milioni 18, na hizo huna. Ukinunua nyota 12 umekwisha tumia milioni 7.2. Waliobaki ni 18 na mkononi una milioni 2.8, yaani laki moja na nusu na vijisenti kwa kichwa. Hapo ni kwa machipukizi tu, utake usitake. Chipukizi akipata alama nyingi kuliko bei yake ilivyotarajia, bei inapanda. Ikifika kileleni unamuuza, unaongeza fedha, unamleta nyota. Wiki baada ya wiki kikosi kinapanda ngazi. Mpaka hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu unaanzia kwenye neno moja: majina. Eti huna haja ya kujua majina yao!

Sikiliza, mwenzangu. Nyota hakushindi kitu, kwa sababu kila mtu anamjua. Tom Mitchell alipougusa mpira mara 54 katika mechi moja mwaka 2018, rekodi ya ligi, ulihitaji akili gani kujua kwamba huyu ni mtu wa kununua? Hata bibi yangu angemsajili. Akili inapimwa kwa wale wa bei chee, ambao hakuna alama zao za mwaka jana za kusoma. Chipukizi asiyepangwa hapandi bei hata senti. Anakaa benchini kwako kama mtungi uliotoboka, na siku nyota wako anapoumia unageuka nyuma, huoni mtu. Tena katikati ya msimu kuna wiki ambazo baadhi ya klabu zinapumzika. Hapo ndipo benchi la kubahatisha linapomvua mtu nguo.

Kwa hiyo kabla sijamchukua chipukizi namuuliza maswali manne. La kwanza, nafasi ipo? Nani amestaafu katika klabu yake, nani kaumia, nani kauzwa? La pili, anacheza wapi? Beki wa pembeni au kiungo anaugusa mpira kila dakika, lakini mshambuliaji wa golini anausubiri uletwe, na siku timu yake inapopigwa hauletwi. La tatu, mwili umekomaa? Kijana mrefu wa miaka 18 anaweza kuwa lulu ya kesho, lakini leo atasukumwa kama mlango. La nne, katika mechi za maandalizi alicheza na wakubwa au aliingizwa mwishoni watu wakienda nyumbani? Maswali haya huwezi kuyajibu kama hujui jina. Utayajibuje?

Twende kwa mifano. Michael Barlow alikuwa akicheza Werribee, katika ligi ya jimbo la Victoria, na klabu kubwa zikimpita kama basi linavyompita abiria wa kituo kisicho na kibao. Fremantle wakamwokota, wakamweka kwenye orodha ya machipukizi. Mwaka 2010 akaanza mechi yake ya kwanza akiwa na miaka 22, na muda si mrefu alikuwa akitajwa miongoni mwa viungo bora wa msimu, mpaka Julai alipovunjika mguu. Waliomnunua kama ng'ombe walijikuta wana nyota zizini. Tim Kelly naye alitoka South Fremantle, ligi ya jimbo la Australia Magharibi, akaanza Geelong mwaka 2018 akiwa na miaka 23. Mwaka 2019 aliteuliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Hawa hawakunenepeshwa na mtu. Walikuwa wameshanenepa kwenye viwanja ambavyo wanunuzi hawakwenda kuangalia.

Narudia, maana hapa ndipo mwenzetu alipochemsha: bei ya mtu inaonyesha waliompima wamemwona kiasi gani. Kuna vitu vingi ndani ya mtu ambavyo bei haijawahi kuvifikia.

Nije kwenye hoja yake ya pili, kwamba tusiige kikosi cha watu wote, tuwe tofauti. Maneno matamu, vijana tunayapenda. Lakini tofauti wapi? Kama kuna chipukizi wa laki moja anayepangwa kila wiki na watu wote wamemchukua, wewe ukimwacha ili uonekane una akili yako, umejiibia mwenyewe. Wenzako wote watapanda bei, wewe utabaki unauza sura. Tofauti itafute juu, kwa nyota wawili watatu ambao wengine wamewaogopa kwa sababu mwaka jana waliumia, au wamehamia klabu mpya. Hapo ukipatia unawaacha mbali, na ukikosea hujafa. Mwandishi pia ndivyo. Nukta na mkato hatuhitaji kuvibuni upya. Tofauti yako iwe katika unachokiona.

Sasa niingie ndani kabisa, ninapoumia.

Wengi wetu hatujajiuliza rula hii inapima nini. Katika ule mchezo mwingine, AFL Fantasy, teke ni alama 3, pasi ya ngumi 2, kudaka mpira wa teke 3, kumkamata adui mwenye mpira 4, goli 6. Ukimchezea mwenzako vibaya unakatwa 3. Teke linalomfikia mwenzako na teke linalomkuta adui, yote ni 3. Lakini beki anayeruka dakika ya mwisho akaupangua mpira kwa ngumi usidakwe golini, akaiokoa timu yake, anapata sifuri. Soma tena: sifuri. SuperCoach wao huihesabu kazi hiyo. Mechi ile ile, mtu yule yule, mkono ule ule: rula moja inasema shujaa, nyingine haimwoni.

Jamaa yangu wa Adelaide kila mwaka anamweka kikosini Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide. Aliir alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, wazazi wake wakiwa watu wa Sudan Kusini. Alianza ligi kuu na Sydney mwaka 2016, akahamia Port Adelaide, na mwaka 2021 akateuliwa katika kikosi bora cha ligi. Kazi yake ndiyo hiyo hiyo, kuruka, kupangua, kuukatiza mpira wa adui. Tulikuwa kwenye AFL Fantasy, na kwa rula yake palikuwa na mabeki wengi wa bei ile waliokuwa wakichuma alama zaidi kwa kupasiana nyuma bila presha.

Nilimwambia: "Kaka, huyu mtoe. Hesabu hazimkubali."

Akanijibu kwa sauti ya simu, nyuma yake mashine za ghala zikiunguruma: "Hesabu gani, mdogo wangu? Hata mimi hesabu hazikunikubali. Tulikaa kambini miaka kumi na tatu tukihesabiwa kila mwezi, na bado hatukuonekana. Toa mwingine yeyote. Huyo haondoki."

Wiki ile tulifungwa na wenzake wa kazini kwa alama 11. Beki niliyemtaka mimi angetupa alama hizo na chenji. Nilikuwa sahihi, na sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile kwa kuwa sahihi.

Sisemi tupange kikosi kwa machozi. Ukijaza nafasi zote 30 kwa mapenzi utashika mkia, tena kwa haki. Nasema hivi: ijue rula, uitumie kama rula, halafu ukumbuke kwamba ni ubao tu wenye mistari. Nafasi moja kati ya 30 ukiamua kuilipia kwa moyo, ilipie ukijua gharama yake. Jamaa yangu aliijua. Ni alama 11. Alilipa, akalala usingizi.

Mimi nimepimwa kwa rula ya kidato cha nne, ikasema divisheni ya nne. Nimepeleka muswada wa riwaya kwa mchapishaji fulani, kurasa 212 nilizoandika usiku kwa tochi ya simu umeme ukikatika. Ukarudi baada ya miezi saba, kamba haijafunguliwa, na karatasi ndogo juu yake: jina lako bado haliuzi. Hawakuuliza swali hata moja kati ya yale manne. Nafasi ipo? Kazi yake ipi? Amekomaa? Alicheza wapi kabla? Waliangalia bei tu. Na sasa mwenzangu wa kijiwe hiki hiki, ambaye naye hajawahi kuchapishwa nje ya kurasa hizi, anataka na sisi tupimane hivyo! Mnyonge kapokonywa mkuki, anaomba akachongewe mwingine wa kumchomea mnyonge mwenzake.

Marlion Pickett alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi kuu katika fainali yenyewe, mwaka 2019, akiwa na miaka 27, ameshapita gerezani na ligi za jimbo. Richmond wakatwaa ubingwa naye akiwa ndani. Kocha aliyemwingiza siku ile hakusubiri anenepe. Alimwangalia anavyocheza, akampanga.

Hicho ndicho ninachowaomba wahariri wetu. Tusomeni. Tukiwa wabovu, tutoeni nje bila huruma, hata mimi. Lakini uamuzi utoke kwenye kurasa zetu, jina libaki nje. Hadithi ya dada yetu wa Temeke iliyowekwa nyuma kabisa toleo lililopita, baada ya matangazo, ilistahili ukurasa wa tatu, na nyote mnajua.

Kwako wewe, mwenzangu: toleo lijalo nijibu, uwanja ni wako. Ila kabla hujaandika, nitajie kwa majina machipukizi wanane walioko benchini kwako. Wote wanane. Ukiweza, chai ya siku hiyo nalipa mimi.