Hukumu ya Baraza, Sheria ya Skrini

Mchezo unapohamishwa kutoka mahali ambapo watu hukaa pamoja na kupelekwa kwenye skrini, kinachotangulia kuhama ni sheria zake, kwa kuwa sheria ndizo sehemu ya mchezo inayokubali kuandikwa. Kinachoachwa nyuma mara nyingi ni mamlaka ya wachezaji wenyewe kuamua pale sheria inaponyamaza, au pale wanapohitilafiana juu ya maana yake. Toleo hili linaichunguza tofauti hiyo kwa kulitazama bao la Kiswahili kama linavyochezwa kwenye baraza za Mji wa Kale wa Mombasa, yaani yale madawati ya mawe yaliyojengewa kwenye kuta za nje za nyumba, na kulilinganisha na bao la simu na kompyuta. Hoja ya utangulizi huu ni kwamba programu ya bao, hata iandikwe kwa ustadi wa namna gani, imekuwa ikiibeba hesabu ya mchezo na kuuacha utaratibu wa kuhukumiana, na kwamba upungufu huo hautokani na udhaifu wa mashine bali na uamuzi wa watu juu ya kipi kinastahili kurekodiwa.

Mjadala wa aina hii umeendelezwa sana kuhusu mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ambao ni mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika: watu kadhaa hukaa pamoja, kila mmoja akajitwalia mhusika, na mmoja wao, aliye msimamizi, akausimulia ulimwengu wanaoupita, akayapima wanayotaka kuyafanya kwa sheria na kwa dadu, kisha akatoa uamuzi. Katika michezo ya kompyuta iliyozaliwa na mchezo huo, kuanzia Baldur's Gate ya mwaka 1998 hadi Baldur's Gate 3 iliyotolewa na Larian Studios ya Ubelgiji mwaka 2023, mchezaji hupewa njia nyingi mno za kuchagua, lakini zote ni njia ambazo waandishi walikwisha kuziwaza kabla yake. Mezani, kinyume chake, mchezaji anaweza kutamka jambo ambalo halikumjia yeyote akilini, na msimamizi akalikubali au akalikataa hapo hapo.

Ulinganisho huo haufai kunyooshwa kupita kiasi, kwa sababu bao halina wahusika wala hadithi, na hakuna mchezaji wa Kibokoni au wa Kuze, mitaa ya Mji wa Kale, anayeweza kubuni namna mpya ya kusogeza kete kwa kuwa tu umempendeza. Sheria za bao ni kali na ni nyingi. Ubao una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, kila mchezaji akimiliki safu mbili, na kete ni 64, ambazo kwa kawaida ni mbegu za komwe. Katika bao la Kiswahili, ambalo ni gumu kuliko bao la kujifunzia linaloanza na kete mbilimbili katika kila shimo, kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Hatua ya kwanza, inayoitwa namua, ni ya kuziingiza kete za mkononi mojamoja, na zinapokwisha huanza hatua ya mtaji, ambapo mchezo huendeshwa kwa kete zilizomo ubaoni peke yake. Mchezaji hula kete za mwenzake zilizo mkabala na shimo lake, lakini kete zilizoliwa haziondoki mchezoni: hupandwa upande wa aliyekula, kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, na ikiwa kete ya mwisho imeangukia shimo lenye kete basi mwendo huendelea, mpaka pale inapoangukia shimo tupu na mwendo kulala, yaani kukoma. Nyumba, shimo la safu ya mbele ambalo mara nyingi huchongwa kwa umbo la mraba, ina haki zake mahsusi, kwani mwenyewe anapofikia hapo anaweza kusimama au kuivunja na kusafiri. Anayepokonywa kete zote za safu yake ya mbele, au anayekosa pa kuchezea, amefungwa.

Penye sheria zilizokamilika kiasi hiki, mtu anaweza kuuliza hukumu inaingilia wapi. Jibu la kwanza limo mkononi. Barazani, anayepanda kete ni mkono wa binadamu unaokwenda kasi, na mkono unaweza kudondosha kete mbili pamoja, kuruka shimo, au kuanzia kichwa cha kushoto ilhali ulipaswa kuanzia cha kulia, na wanaoliona kosa hilo si mpinzani peke yake bali ni wote walioketi na waliosimama, wenye kahawa na wasio na kahawa, ambao kila mmoja ameufuata mwendo kwa macho na yuko tayari kuushuhudia. Hapo ndipo hutokea ubishi, na ubishi huwa na adabu yake: mzee anayejulikana kwa bao hupewa nafasi ya kusema, mwendo hurudishwa nyuma kwa kumbukumbu, na neno likikubaliwa mchezo huendelea. Kwenye skrini kosa la mkono haliwezekani, kwa sababu mkono haupandi. Mchezaji hugusa shimo, na programu humpandia, na kwa kawaida humwekea tarakimu kando ya kila shimo ili asilazimike kukadiria idadi kwa jicho. Ni msaada mkubwa kwa anayeanza. Hata hivyo, kipawa ambacho bingwa hupewa heshima kwacho, yaani kuuona mwendo mzima akilini kabla hajagusa kete, kinakuwa kimefanyiwa kazi nusu yake na mashine. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, ambaye tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Leiden ya mwaka 1995 ilijengwa juu ya ubingwa wa bao huko Unguja, alikichukua kipawa hicho kuwa kipimo cha upeo wa akili ya binadamu.

Jibu la pili ni zito zaidi. Kwa kuwa mwendo mmoja huendelea kila kete ya mwisho inapoangukia shimo lenye kete, zipo hali za ubao ambamo mwendo haukomi kabisa, na jambo hilo lilijitokeza wazi pale wanahisabati na wanakompyuta walipoanza kuliandikia bao programu, wakiwemo Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Chuo Kikuu cha Maastricht mwanzoni mwa miaka ya 2000. Programu haiwezi kukaa ikipanda milele. Sharti iwekewe kikomo cha idadi, na kikomo hicho, popote kitakapowekwa, ni sheria mpya ambayo haikutungwa na wachezaji. Barazani jambo hilo humalizwa na watu waliopo, ambao wanajua ni nani anacheza na nani, na mchezo una uzito gani siku hiyo. Mtu akitaka kuona mashine inaweza kufika wapi pasipo pingamizi la namna hii, aitazame awari, mchezo wa jamii moja na bao unaochezwa zaidi Afrika ya Magharibi na wenye mashimo 12 tu: mwaka 2002 watafiti wawili wa Amsterdam, John Romein na Henri Bal, walizipitia kwa kompyuta hali zake zote, zaidi ya bilioni 889, wakathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea huishia sare. Bao halijafikishwa huko.

Kuna pia suala la bao la nani linaloandikwa. Sheria za bao zimekuwa zikitofautiana kidogokidogo kati ya Lamu, Mombasa na Unguja, na hata kati ya mtaa na mtaa, hasa katika makatazo ya hatua ya mtaji, na tofauti hizo zimekuwa zikisuluhishwa kwa kuulizana kabla ya kete ya kwanza. Lakini kwa kuwa sheria zilizoandikwa kwa ukamilifu kitaaluma ni zile za mabingwa wa Unguja, programu zilizotegemea maandishi hayo zimewafanya mabingwa hao kuwa sheria ya dunia nzima, na kijana wa Mji wa Kale anayejifunza kwa simu anaweza kwenda barazani kwa babu yake akamwambia kwamba anacheza kimakosa. Jarida hili linaliona hilo kuwa hasara ya kweli. Unguja haina kosa. Waliokosa ni wale ambao, kwa miaka yote tangu tasnifu ile ya Leiden, hawajaliandika bao la Mombasa kwa ukamilifu huo huo.

Haki inadai kusemwa pia kile ambacho skrini imekileta. Baraza ya nje, kwa desturi ya mji, ni mahali pa wanaume, na msichana aliyekulia nyuma ya roshani za Ndia Kuu aliweza kusikia kete zikigongana maisha yake yote asipate kukaa mbele ya ubao; kwa simu anaweza kucheza, na kumshinda kaka yake. Vilevile kwa Waswahili walioko Muscat, Dubai au London, ambako majirani wa kubishana nao ni wachache, programu ni bora kuliko ubao uliotundikwa ukutani kuwa pambo. Anayeipinga programu kwa jumla anawafungia watu hawa mlango ambao baraza yenyewe haikuwafungulia.

Mombasa imewahi kuhamisha sanaa ya baraza kutoka chombo kimoja hadi kingine, na ikafanya vizuri. Mashairi ya Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo mwaka 1840 na ambaye bao ni mojawapo ya mambo aliyoyatungia, yaliishi kwa vinywa vya watu mpaka miaka ya 1880, Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipoyakusanya na kumfikishia William Taylor, mmisionari Mwingereza, na hati hizo, ambazo sasa ziko katika chuo cha SOAS, London, ndizo alizozitumia William Hichens kuchapisha diwani ya mwaka 1940. Thamani ya kazi ya Mwalimu Sikujua haikuwa katika kuyahifadhi maneno tu, bali pia katika kueleza mazingira yaliyoyazaa: shairi lilimjibu nani, lilisemwa kwa sababu gani, na lilimchoma nani. Bila maelezo hayo, sehemu kubwa ya Muyaka ingesomeka leo kama mafumbo yasiyo na ufunguo.

Programu ya bao inaweza kuandikwa kwa kanuni hiyo hiyo, na hakuna kizuizi cha kiufundi. Inaweza kumwachia mchezaji apande kete kwa kidole chake, moja baada ya moja, na akikosea, mpinzani na watazamaji waone na waseme. Inaweza kuwauliza wachezaji wawili, kabla ya kuanza, wanafuata sheria za mji gani, na kuwaachia wao neno la mwisho kuhusu mwendo usiokoma. Inaweza kuwa na nafasi ya watazamaji wanaosikika. Kabla ya yote hayo, hata hivyo, ni lazima mtu akae kwenye baraza za Mkanyageni na Kibokoni akiwa na daftari, aandike mabishano pamoja na miendo, na aandike neno la nani lilikubaliwa na kwa hoja gani, wakati wazee wenye kuyakumbuka mabishano ya zamani wangali wanaketi hapo.