Mwacheni Mtazamaji Aende kwa Mwendo Wake

Umeingia ugonjwa katika shule zetu ambao, kwa kuwa hauumizi mwili, hakuna anayeutafutia dawa. Ni ugonjwa wa kuwakimbiza wanafunzi ndani ya makumbusho na maonyesho ya sanaa. Twasema mapema, ili msomaji asipate tabu ya kutuvizia, kwamba tunaupinga mwenendo huu, na kwamba lawama yetu ya kwanza tunaielekeza kwa walimu wa Kiswahili, yaani kwetu sisi wenyewe kama jamii ya wafundishaji.

Dalili zake ni dhahiri. Basi linafika saa nne asubuhi. Wanafunzi sitini wanapangwa mstari mmoja. Mwongozaji anatangulia, na mwalimu anafuata nyuma kama mchungaji anayechelea kumpoteza kondoo wa mwisho. Mbele ya kila kitu mstari unasimama kwa muda wa sentensi mbili, kisha inatoka amri: "Twende, twende!" Anayebaki nyuma akiangalia huhesabiwa mtukutu. Saa tano kasorobo ziara imekwisha. Kesho yake mwalimu anatoa insha iitwayo "Ziara yetu ya makumbusho", na madaftari sitini yanarudi yakiwa na insha moja: tuliamka mapema, tulipanda basi, tuliona vitu vingi vya kuvutia, tukarudi nyumbani tumechoka lakini tumefurahi. Vitu gani hivyo? Havikutajwa. Vilivutia kwa sababu gani? Haikuelezwa. Mwalimu hukasirika, akaandika kwa kalamu nyekundu kwamba msamiati ni haba. Angejiuliza kwanza kama muda aliowapa haukuwa haba zaidi.

Tuitazame hali ya hapa Bujumbura. Tunayo Makumbusho Hai, ambayo wengi huiita kwa Kifaransa Musée Vivant, iliyoanzishwa mwaka 1977, kati ya mji na Ziwa Tanganyika. Humo mna mamba na nyoka, mna rugo, yaani boma la Kirundi lililojengwa kwa kufuata mfano wa zamani, na mna kazi za mikono: vikapu, vyungu na ngoma. Gitega kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyoanzishwa mwaka 1955 wakati wa utawala wa Wabelgiji. Jumba kubwa la taifa la sanaa ya kisasa mji wetu haujapata. Picha na sanamu za wasanii wa leo twakutana nazo katika maonyesho ya muda, kama yale yanayoandaliwa na Taasisi ya Kifaransa, au katika karakana za wasanii wenyewe. Maonyesho ya namna hiyo hukaa kwa muda, kisha picha zikashushwa ukutani na kutawanyika. Kwa hiyo, mwanafunzi aliyepitishwa mbio hana pa kurudi.

Hebu tulitafakari neno lenyewe, maana sisi ni watu wa maneno. Makumbusho ni neno lililotokana na kitenzi kukumbusha. Nani amewahi kukumbushwa jambo kwa kusukumwa mgongoni apite? Kumbukumbu huja kwa utaratibu wake: kitu kinaonwa, moyo unakizunguka, ndipo jambo lililolala linaamka. Ikiwa ndivyo ilivyo kwa chungu na mkuki ambavyo mtoto amekwisha kuvisikia kwa bibi yake, basi sanaa ya kisasa yahitaji muda zaidi. Picha iliyochorwa mwaka huu haina hadithi iliyokwisha kuzoeleka wala jina lililokwisha kukubaliwa na wote. Mtazamaji mwenyewe ndiye anayetakiwa kutafuta neno la kwanza la kusema juu yake, na neno la kwanza halitafutwi kwa mbio.

Lugha yetu inajua jambo hili kuliko sisi tunaoifundisha. Kuona ni jambo linalolipata jicho hata bila ya kukusudia. Kutazama ni kukusudia. Kutupa jicho ni kupita. Kuchungulia ni kuangalia kwa siri au kwa upenyo mdogo. Kukazia macho ni kukataa kuondoka. Kuchunguza ni kurudia tena na tena mpaka kilichojificha kijitokeze. Na kushuhudia ni kuona kwa namna ambayo, ukiulizwa kesho, utawajibika kwa ulichokiona. Hizo ni ngazi za uangalifu, na kila moja ina muda wake. Ziara tunazozipanga haziendi mbali zaidi ya kutupa jicho. Kisha twamtaka mwanafunzi aandike kama mtu aliyeshuhudia! Huko ni kumdai mtu faida bila ya kumpa mtaji.

Tutoe mfano mmoja. Agaseke, kikapu kidogo chenye kifuniko kilichochongoka, ni kitu ambacho kila Mrundi anakijua, na ambacho bado kinatengenezwa na mikono iliyo hai. Anayepita mbele yake atasema, "Nimeona kikapu." Anayepewa dakika kumi ataona kwamba kazi imeanza katikati ya kitako, kwamba mzingo mmoja umepanda juu ya mwingine, na kwamba mizingo hiyo imefungwa kwa uzi mwembamba unaopita na kurudi. Hapo huzuka swali la lugha: je, kikapu hiki kimesukwa au kimeshonwa? Mkaazi wa mwambao atakumbuka kwamba mkeka hufanywa kwa kazi mbili: ukili husukwa, kisha ukashonwa. Wanafunzi wetu wa Buyenzi na Bwiza, ambao Kiswahili ni cha nyumbani kwao, watabishana na wenzao waliojifunzia shuleni, na ubishi huo utawapa maneno ambayo orodha ya ubaoni haitawapa: mzingo, kitako, ncha, msuko, mshono. Somo zima la Kiswahili limefichwa ndani ya kikapu kimoja, nasi tunalipita kila mwaka tukienda kuwaona mamba.

Ngoma nayo ni vivyo hivyo. Dansi ya ngoma za kifalme za Burundi iliandikishwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ngoma hizo hupangwa kwa hesabu ya witiri, katika nusu duara, na moja ikawekwa katikati. Mwanafunzi akiambiwa hayo atayaandika na kuyasahau. Lakini akiachwa azihesabu mwenyewe, atakuja kuuliza kwa nini kila mara hesabu haigawanyiki kwa mbili, na kwa nini mti unaochongwa ngoma huitwa kwa Kirundi umuvugangoma, jina linalobeba ngoma na sauti yake. Swali alilolizaa mtu mwenyewe halimtoki upesi.

Wala jambo hili si la kwetu peke yetu. Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa Boston, Marekani, aliandika juu ya uchovu wa makumbusho, akionyesha jinsi mtazamaji anavyoinama, anavyojikunja na kuchoka kwa ajili ya namna vitu vilivyopangwa. Mwaka 2001 Jeffrey Smith na Lisa Smith walichapisha uchunguzi walioufanya katika Metropolitan Museum of Art, New York: watazamaji walitumia wastani wa sekunde 27 mbele ya kila picha, na nusu yao hawakuzidi sekunde 17. Hao walikuwa watu wazima, wasiofukuzwa na mwalimu wala kungojwa na basi. Ikiwa mtu huru hujinyima hivyo mwenyewe, itakuwaje kwa mtoto anayenyimwa na mkubwa wake?

Tunazijua hoja za wanaotupinga, na haifai kuzificha. Wa kwanza husema kwamba wanafunzi ni wengi na muda ni mchache. Ni kweli. Lakini muda ukiwa mchache, kinachopaswa kupunguzwa ni idadi ya vitu. Mtu mwenye unga wa sahani moja hapiki sufuria kumi za uji. Wa pili husema kwamba bila ya maelezo mtoto hataelewa, hasa mbele ya sanaa ya kisasa isiyofanana na kitu chochote. Sisi hatuwadharau waongozaji, maana wapo wenye elimu kubwa. Tunachosema ni kwamba maelezo yakitangulia macho, macho hulala. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba picha hii yahusu amani, haoni tena ila amani, hata kama mchoraji ameweka pembeni mbwa mwenye njaa. Macho yaanze, maelezo yafuate, kisha macho yarudi.

Wa tatu husema kwamba uhuru utaleta fujo. Hapa tunakubali sehemu ya hoja: penye mamba na nyoka mstari ubaki, na mwalimu awe macho. Lakini mbele ya picha, kikapu na ngoma, utaratibu hauna maana ya mstari. Maktaba ina utaratibu, na hakuna anayewaamrisha wasomaji wote wafunue ukurasa wa kumi kwa pamoja.

Tusieleweke vibaya. Hatuhubiri upole wa lazima mahali pa haraka ya lazima. Kumsimamisha mtoto nusu saa mbele ya sanamu isiyomwambia kitu ni udhalimu mwingine uliovaa kanzu ya hekima. Tumesema kwa mwendo wake. Ikiwa picha kumi hazimvuti, na azipite kumi hizo kama upepo. Ikiwa ya kumi na moja inamshika, na amwachie mwalimu kazi ya kungoja. Methali isemayo haraka haraka haina baraka tunaifundisha darasani kila mwaka, kisha tunaivunja mlangoni mwa makumbusho.

Na lipo jambo zito zaidi ya alama za insha. Huko Kanombe, mjini Kigali, nyumba iliyokuwa makazi ya Rais Juvénal Habyarimana imegeuzwa kuwa makumbusho ya sanaa ya Rwanda. Ndani zimewekwa kazi za wasanii wa siku hizi. Nje, katika eneo la nyumba hiyo hiyo, ndiko yalikoangukia na kubaki mabaki ya ndege iliyodunguliwa tarehe 6 Aprili 1994. Katika ndege hiyo alikufa Habyarimana, na alikufa pia Rais wa nchi yetu, Cyprien Ntaryamira. Mrundi anayefika pale akitoka kutazama picha, akayakuta mabaki yale, atatembea kwa mwendo gani? Nani mwenye saa ya kumpimia? Mmoja atapita haraka kwa kuwa hawezi kustahimili. Mwingine atasimama mpaka jua ligeuke. Wa tatu, aliyezaliwa miaka mingi baadaye, atatafuta pa kukaa ili aulize. Kuwapa wote watatu dakika mbili sawasawa ni kusema kwamba wote wamebeba mzigo mmoja, na katika nchi zetu hizi huo ni uongo.

Sanaa ya leo katika nchi za Maziwa Makuu haiwezi kuikwepa historia hiyo. Mwanafunzi wetu atakapokutana na picha yenye nyumba tupu au viti visivyo na watu, huenda akawa na nyumba yake mwenyewe moyoni. Mwalimu hajui. Kwa kuwa hajui, heshima inamtaka asogee kando. Kumpa mtu nafasi ya kutazama kwa mwendo wake ni kumkubali kwamba ana maisha ambayo hayakuandikwa katika rejista ya darasa.

Basi tunatoa mapendekezo, maana kulaumu bila ya kuelekeza ni kazi rahisi. Kwanza, mwalimu azuru mahali hapo peke yake kabla ya kuwapeleka wanafunzi, achague vitu vitatu tu, na hivyo vingine aviache viwe vya hiari. Pili, saa nzima ya mwanzo isiwe na maelezo. Kila mwanafunzi aende apendako, asimame au akae, mradi asiguse kilichokatazwa. Tatu, daftari lifunguliwe baada ya kutazama, na maneno ya kwanza yaandikwe kwa Kiswahili alicho nacho mwanafunzi, hata kama amechanganya na Kirundi. Usahihi utatafutwa darasani. Nne, mwongozaji aitwe mwishoni kujibu maswali, na mwalimu atafsiri jibu zima pale linapotolewa kwa Kifaransa, asitoe muhtasari wa maneno mawili. Tano, insha iwe juu ya kitu kimoja, na kichwa chake kitungwe na mwanafunzi mwenyewe.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na tangu hapo juhudi za kukifundisha Kiswahili shuleni zimeongezeka. Twafurahi. Lakini lugha itakayojua kununua, kuuza na kuvuka mpaka, isijue kusimama mbele ya kazi ya mikono ya binadamu na kusema inachokiona, itakuwa lugha ya sokoni tu, nasi tutakuwa tumeilea kwa upande mmoja. Muhula ujao mabasi yatakodiwa tena na mistari itapangwa tena. Walimu wenzetu, mkifika mlangoni, ivunjeni mistari hiyo.