Mzee wa Ukambani asinyimwe ndengu

Mwaka wa 2004, watu 125 walifariki nchini Kenya baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya aflatoksini. Walioathiriwa walikuwa 317, wengi wao wakiwa wakazi wa Makueni na Kitui. Mahindi yalihifadhiwa kabla ya kukauka vyema, yakaota kuvu iliyozalisha sumu hiyo inayoharibu ini.

Msiba huo unafaa kukumbukwa kila unapozuka mjadala kuhusu protini na maisha marefu. Wapo wanaoshauri watu wapunguze nyama, mayai na maziwa ili kuepuka saratani, na hoja yao ina msingi. Mwaka wa 1968, watafiti nchini India walieleza kuwa panya waliopewa aflatoksini pamoja na protini nyingi ya maziwa walipata uvimbe wa ini, ilhali waliopewa protini kidogo hawakupata uvimbe huo. Hata hivyo, majaribio yao ya awali yalikuwa yameonyesha kuwa panya wachanga walionyimwa protini ndio walioharibika ini upesi zaidi.

Kwa binadamu, umri nao una uzito wake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2014 ulibaini kuwa watu wa miaka 50 hadi 65 waliokula protini nyingi, hasa ya wanyama, walikabiliwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa saratani. Baada ya miaka 65 mambo yaligeuka: waliokula protini nyingi ndio waliokuwa na hatari ndogo. Uzeeni misuli hupungua, na mzee asiye na nguvu huanguka kwa urahisi.

Kwa hiyo, ushauri unaomfaa mpenda nyama choma jijini Nairobi haumfai ajuza wa Mutomo au Kibwezi. Kitui na Makueni husifika kwa ndengu, kunde na mbaazi, protini isiyohitaji kuchinja ng'ombe. Lakini ndengu ni fedha pia. Familia inapouza gunia zima ili kulipa karo, muthokoi hubaki mahindi matupu, na mahindi yenyewe yakiwa na kuvu, hasara huwa maradufu.

Isipokuwa kwa mgonjwa wa figo, anayepaswa kufuata maagizo ya daktari, kinga ya Ukambani ni mbili: mahindi yaanikwe juu ya turubai hadi yakauke kabisa, na sehemu ya ndengu ibaki nyumbani.