Kipimo Kitangulie Kikombe

Ewe msomaji, usiyasadiki maji kwa uangavu wake. Mwaka 2014 waliotawala mji wa Flint, Marekani, waliacha maji ya ziwa wakatwaa ya mto ili kupunguza gharama, wala hawakutia dawa ya kuyazuia yasiyale mabomba. Madini ya risasi yakatoka mabombani yakaingia majumbani, hata shuleni. Wenyeji walipolalamika, waliambiwa maji ni salama. Sumu hiyo ikiwa majini haionekani wala hainuki. Kuyachemsha maji hakuiondoi. Nayo huutia ubongo wa mtoto madhara yasiyoponyeka. Basi anenaye kuwa kupima maji ya shule ni ghali, mwulize: akili ya mtoto ikiharibika, itanunuliwa soko gani?