Mwalimu, Nirudishie Bwana Msa

Muhula uliopita nilinyang'anywa kitabu wakati wa masomo ya jioni. Mwalimu wa zamu alilitazama jalada, akatikisa kichwa. "Hizi riwaya za upelelezi ndizo zinazowafunza wizi!" Nilinyamaza. Leo naomba kumjibu, kwa heshima.

Kwanza tujue zilikotoka. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda mashindano ya uandishi ya 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Humo tajiri mwenye shamba anakutwa ameuawa mzimuni. Wengine wanahofia mizimu. Bwana Msa, kiko mdomoni, anauliza maswali. Ni kweli anafanana na Sherlock Holmes wa Waingereza, lakini mashamba, nasaba na siri za jamaa zilizomo katika riwaya zake ni za Unguja hasa. Tanzania Bara nayo haikulala: Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo (1965), kisha Elvis Musiba akatuletea Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), jasusi anayepambana na maadui wa wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika.

Sikatai, Gamba ana risasi nyingi mno, na wanawake wake mara nyingi ni mapambo tu. Lakini wizi? Hapana! Katika hadithi hizi mhalifu hutafutwa kwa ushahidi.

Nisikilizeni. Nilipokuwa kidato cha pili, pesa zilipotea bwenini. Tulimkamata kijana mmoja papo hapo. Kosa lake nini? Alikuwa akiomba sabuni kila wiki, basi. Tulimpiga, nami nilikuwemo. Siku ya tatu pesa zikaonekana ndani ya soksi ya mwenyewe, chini ya sanduku lake. Hakuna aliyeomba msamaha, hata mimi.

Wenzangu, laiti mmoja wetu angeuliza swali moja tu la Bwana Msa: nani aliziona mara ya mwisho? Huko mitaani mtu akiitwa "Mwizi!" tairi na petroli hufika kabla ya swali. Jamii isiyouliza huua.

Kwa hivyo, mwalimu wangu mpendwa, kitabu kile nirudishie. Lakini usiharakishe. Kisome kwanza.