Pampu ya Upepo Hainunuliwi kwa Rangi

Wiki hii tunaweka kando mambo ya mapenzi na viwalo, tunaongelea upepo. Sio kisulisuli, la hasha, ni ule uliomo ndani ya tairi. Huo ukikuishia katikati ya pori ndipo utajua kwamba gari sio muziki mkubwa wala rimu za kung'aa.

Nasema hivyo kwa kuwa niko hapa Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, mkoani Simiyu. Ukiwa mjini huna presha, mafundi pancha wapo na kompresa zao. Lakini hebu toka kidogo, shika njia ya kwenda Makao au ile ya kuelekea Mto Sibiti. Huko utakutana na vumbi, miiba ya migunga na giza la kukata kwa kisu. Upande wa Makao ni jirani na Pori la Akiba la Maswa, na wakazi wa kule sio wote wenye miguu miwili. Kushuka saa nne usiku ukaanza kuhangaika na jeki eneo kama hilo, mshikaji, ni noma.

Ndio maana vijana wengi wenye usafiri siku hizi wananunua zile pampu ndogo za umeme. Wazo zuri sana. Tatizo ni kwamba wengi wanazichagua kama wanavyochagua kava la simu.

Juzijuzi nilikuwa kwenye duka moja la spea, nikamsikia muuzaji akimwambia kijana mwenye IST: "Kaka, beba hii, ni PSI 150, inajaza mpaka lori!" Kijana akaanza kutoa mshiko. Nikamvuta pembeni nikamuuliza: "Mdogo wangu, tairi yako inataka PSI thelathini na kitu. Hiyo 150 utaipeleka wapi?"

Namba kubwa kwenye boksi ni chambo. Wewe tafuta lita kwa dakika, yaani kiasi cha hewa pampu inachosukuma. Tairi ya gari dogo iliyolala kabisa inahitaji kama lita 60 za hewa ili ifike PSI 32. Pampu ya lita 30 kwa dakika inaimaliza kwa dakika mbili tatu hivi. Ya lita 10 itapiga kelele dakika sita na ushee, ikichemka kama sufuria ya makande. Na tairi za Land Cruiser zinaweza kula hewa mara tatu ya hiyo. Halafu soma maelezo: pampu nyingi ndogo hazitakiwi kufanya kazi zaidi ya dakika kumi mfululizo bila kupumzishwa.

La pili ni umeme. Tundu la kiberiti cha sigara kwenye magari mengi madogo lina fyuzi ya ampea 15. Piga hesabu: volti 12 mara ampea 15, unapata wati 180. Pampu inayotaka zaidi ya hapo itakuunguzia fyuzi, kwa hiyo kubwa nunua ile yenye vibanio vya kushika kwenye betri yenyewe. Na injini iwe inaunguruma, usije ukapata tairi ukakosa betri. Ndugu zangu wa malori, gari lenu ni volti 24 na tairi zinapita PSI 100. Hivi vidude vya volti 12 sio vyenu, mtaviunguza.

Wa bodaboda nanyi sijawasahau. Betri ya pikipiki ni ndogo, ukiibebesha pampu ya gari utaimaliza. Nunueni ya kuchaji, au ile ya zamani ya kukanyaga kwa mguu. Hiyo haina cha betri wala nini, nguvu ni ugali wako mwenyewe. Ya kuchaji usiiache ndani ya gari lililofungwa kwenye jua la Meatu, maana betri za namna hiyo hazipendani na joto.

La tatu ni geji. Ipeleke pampu kwa fundi pancha unayemwamini, pimeni tairi moja kwa geji mbili. Zikipishana sana, irudishe dukani siku hiyohiyo. Chagua inayojizima yenyewe ikifika kipimo. Kipimo chenyewe kimeandikwa kwenye stika, mara nyingi kwenye fremu ya mlango wa dereva. Magari ya Kijapani huandika kPa, usibabaike. Gawa kwa 7, unapata PSI kwa kukadiria: 220 inakuwa kama 32. Pima asubuhi kabla hujatembea, tairi ikiwa baridi, kwa sababu ikipata moto presha inapanda na geji inakudanganya.

Usiseme hizi ni mbwembwe. Tairi yenye upepo pungufu inajikunja kila inapozunguka, inapata joto, na ukiwa kwenye kasi na abiria wamejaa inaweza kupasuka. Iliyojaa kupita kiasi nayo inarukaruka kwenye changarawe na breki hazishiki vizuri. Hapo tunazungumzia roho za watu.

Mwisho, pampu haizibi pancha. Inakununulia muda tu wa kufika penye watu na taa. Tairi ikiwa imechanika, hata ukijaza mpaka kuche ni kazi bure. Kwa hiyo spea iwepo, nayo iwe na upepo! Wapo wanaotembea na spea iliyolala miezi sita, sijui wanamtishia nani.

Haya, tukijaaliwa tukutane wiki ijayo. Kanyaga mafuta, lakini kagua tairi kwanza.