Jongo: Mitishamba Isichukue Nafasi ya Kipimo

Mkulima wa kahawa wa Isansa, wilayani Mbozi, anapoamka usiku kidole gumba cha mguu kimevimba na kuwaka moto, huwa na njia mbili: zahanati au mganga wa tiba asili. Wengi huzifuata zote mbili, ila huku hawasemi ya kule. Kufichana huko ni hatari kuliko mzizi wenyewe.

Jongo hutokea asidi ya yuriki inapozidi katika damu na kuganda kama fuwele ndani ya viungo. Dawa ya alopurinoli huzuia kimeng'enya kinachoitengeneza asidi hiyo. Katika maabara, viambato kadhaa vya mimea, kama kwesetini iliyomo kwenye vitunguu, hukizuia kimeng'enya hichohicho. Kwa hiyo dai la waganga si la kubezwa.

Hata hivyo, chupa ya maabara si mwili wa binadamu. Katika jaribio la Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, lililochapishwa mwaka 2016, wanaume 22 wenye afya walimeza miligramu 500 za kwesetini kila siku kwa wiki 4. Asidi yao ilishuka kwa takriban mikromoli 26 kwa lita. Mgonjwa mwenye mikromoli 540 hutakiwa kufika chini ya 360. Pengo hilo halizibwi na kitunguu.

Iko pia sumu. Kolkisini, dawa ya kutuliza shambulio la jongo, hutokana na mimea, nayo imo katika Gloriosa superba, mmea utambaao wenye maua mekundu na manjano, uotao porini nchini Tanzania. Kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua vimekaribiana mno. Tena kolkisini haipunguzi asidi ya yuriki: maumivu yakiisha mgonjwa hudhani amepona, kumbe fuwele zinaendelea kujijenga.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliwatambua waganga. Kilichobaki ni mazungumzo. Mhudumu wa afya amuulize kila mgonjwa wa jongo anatumia mitishamba gani, bila kumkemea, na aliandike jibu katika jalada lake. Mgonjwa naye asiache alopurinoli kwa kuwa kidole kimetulia, na apimwe asidi ya yuriki pamoja na figo kabla ya dawa yoyote na baada yake. Mmea wenye uwezo wa kweli hauna sababu ya kuogopa kipimo.